Kwa vijana wa chukudu mnaoshuka kutoka Kibumba

Wanangu,

Jana alfajiri niliwaona mkiteremka kuingia Goma juu ya chukudu zenu, hizi baiskeli za mbao zisizo na pedali, magunia ya karoti na viazi mbele, ukungu nyuma. Mmoja wenu alivaa fulana moja tu, imelowa jasho hadi imegandamana na mgongo. Nilitaka kumwita, lakini chukudu yenye mzigo haimsimamii mzee.

Nami nilisukuma chukudu. Goti langu la kulia bado lina sugu. Basi sikilizeni.

Mwili ni jiko, kuni zake ni chakula, na ndani unataka kubaki kwenye digrii 37 hivi. Baridi ikiingia, unabana kwanza mishipa midogo ya ngozi ili damu ya moto ibaki karibu na moyo. Ndiyo maana vidole vinakufa ganzi mapema. Kubana huko kusipotosha, unatetemesha misuli. Kutetemeka si uoga: misuli inafanya kazi, na kazi inazaa joto, kama mnapoupanda mlima.

Kosa lenu liko huko juu Kibumba. Mnafika mmelowa jasho, mnapakia, mnashuka hivyohivyo. Kwenye mteremko miguu imepumzika, jiko limefifia, na jasho likikauka linaondoka na joto lenu, upepo unamalizia. Fulana kavu ndani ya mfuko wa nailoni haina uzito. Badilisheni kabla ya kushuka, hata mbele ya akina mama wa karoti. Watacheka, basi.

Na kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji? Najua kichupa kinavyozunguka, hata mimi nilikipokea. Inafungua mishipa ileile mwili uliyoibana. Unasikia moto kifuani, kumbe joto linatoka nje kupitia ngozi. Tena breki yenu ni kipande cha raba! Kunyweni chai ya sukari.

Babula, jiko la makaa, msilale nayo mlango umefungwa. Sumu yake haina harufu, na anayelala haimwamshi.

Mwenzenu akiacha kutetemeka huku anaongea ovyo na kujikwaa, msiseme amepona. Hapo jiko linazimika. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni blanketi moja na mtu mkavu, mumkimbize kwa daktari.

Wewe wa fulana moja: nimekuachia sweta kwa mama wa mandazi, pale unapopunguza mwendo. Ina tundu kwenye kiwiko.