Hakuna mshahara wa chini mmoja Kenya

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu mshahara wa chini imerudia kosa lile lile, eti Mkenya wa ngazi ya chini kabisa analindwa na Sh16,113 kwa mwezi. Tangu agizo la serikali la mishahara ya chini lianze kutumika tarehe 1 Novemba 2024 nimelisoma kosa hili mara nyingi, nikanyamaza. Safari hii sinyamazi, maana waajiri wanasoma gazeti na wafanyakazi wanasoma, na wote mnawapoteza.

Kwa agizo hilo, Sh16,113 ni ya kibarua wa kawaida katika majiji kama Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kundi hilo lina yaya, mfanyakazi wa nyumbani, mfagiaji, mtunza bustani, tarishi na mlinzi wa mchana. Katika zilizokuwa manispaa zamani, pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru, kazi hizo hizo ni Sh14,866. Kwingineko kote ni Sh8,596. Kibarua wa shambani asiye na ujuzi maalumu ana agizo lake peke yake: Sh7,997. Anayepalilia maua ya mtu Nairobi anastahili mara mbili ya anayepalilia mahindi, na jembe ni lile lile.

Nendeni Githurai mkaone mpaka wenyewe. Upande huu wa Thika Road ni Githurai 44, Nairobi. Ng'ambo ni Githurai 45, Kiambu, eneo la Ruiru. Yaya wa huku na yaya wa kule wananunua sukuma kwa mama mmoja, lakini kisheria wanatofautiana karibu Sh1,247 kila mwezi. Tena ramani inayotumika ni ya mabaraza ya miji yaliyofutwa mwaka 2013 kaunti zilipoingia. Mji ambao haukuwa manispaa enzi hizo, hata ukijaa magorofa leo, unabaki kuwa "maeneo mengine" na mfagiaji wake analipwa karibu nusu ya yule wa Nairobi.

Wanaotetea mpangilio huu husema kodi ya nyumba vijijini ni nafuu. Kodi haimo katika viwango hivi! Mwajiri asiyempa mfanyakazi nyumba anatakiwa kuongeza asilimia 15 juu yake. Kwa Nairobi hiyo ni Sh2,417, jumla Sh18,530. Sasa mfanyakazi wa kijijini anapunjwa mara mbili: mshahara umeshushwa kwa sababu ya kodi, kisha asilimia 15 inahesabiwa kwa mshahara ulioshushwa, anapata Sh1,289. Na mjini kuna waajiri wanaomlipa yaya Sh8,000 wakisema "analala na kula kwangu". Malazi yanamwondolea mwajiri ile asilimia 15 tu. Hayagusi Sh16,113.

Jambo jingine ambalo hamligusi kabisa ni saa. Mlinzi wa mchana ana saa 52 kwa wiki. Kwenye ploti nyingi anaingia saa 12 asubuhi na kutoka saa 12 jioni, siku 6, bila mtu wa kumpokea hata akila. Hizo ni saa 72, yaani 20 za ziada. Chukua Sh16,113.75 ugawe kwa 225, kama agizo linavyosema, upate Sh71.60 kwa saa. Saa ya ziada ni mara moja na nusu: Sh107.40. Saa 20 ni Sh2,148 kwa wiki, na kwa wiki 4 ni karibu Sh8,600. Zaidi ya nusu ya mshahara mzima inapotea hapo langoni, mwezi baada ya mwezi, na mwajiri anajiona ametii sheria kwa sababu amelipa ile namba aliyoiona gazetini! Hata akizilipa saa hizo bado ana kosa, kwani kazi ya kawaida na ya ziada zikijumlishwa hazifai kuzidi saa 116 katika wiki 2, na huyu amefanya 144. Mlinzi wa usiku amewekewa saa 60 kwa wiki, kikomo chake saa 144 katika wiki 2. Usiku 6 wa saa 12 kila wiki unafikia kikomo. Wa saba unakivunja, na ungepaswa kulipwa mara mbili kwa kuwa ni siku ya mapumziko. Sijawahi kuona sababu ya haki ya kumwongezea saa 8 yule anayekesha gizani penye hatari zaidi.

Na nyongeza yenyewe? Asilimia 6 ilitangazwa Mei Mosi 2024 watu wakapiga makofi, ikaanza kulipwa Novemba. Miezi sita.

Ninachotaka kinaandikika kwa ukurasa mmoja. Futeni maneno "manispaa za zamani" katika agizo. Kiwekwe kiwango kimoja cha msingi nchi nzima, shambani na mjini, kisha marupurupu ya nyumba ndiyo yatofautiane kwa eneo, kwa sababu kodi ndiyo inayotofautiana. Mlinzi wa usiku ashushwe hadi saa 52. Jedwali lichapishwe kwa Kiswahili, likiwa na safu ya saa moja ya ziada, libandikwe katika kila ofisi ya chifu.

Nanyi, katika toleo lijalo, chapisheni namba zote nne, kwa herufi kubwa kama mlivyoichapa ile moja.

Msomaji wenu,
Kiambu