Kabla hujanunua injini ya mtumba, pima uliyo nayo

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapa barua ya msomaji wa Makambako aliyeomba ushauri kuhusu Hiace yake ya abiria. Injini inakula oili. Fundi mmoja anamwambia afanye ovaholi, yaani ifunguliwe yote na kutengenezwa upya, mwingine anamwambia aagize ya mtumba kutoka Dar, na mwanawe anamwambia auze gari lote. Toleo lililofuata wasomaji watatu walimjibu, na wote walisema neno moja: ovaholi ni kupoteza hela, weka injini ya Japani. Nimesoma majibu yale nikakosa raha. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, nikayafuata, yakanigharimu shilingi 4,100,000 na nusu ya msimu wa nyanya. Naomba nafasi nimweleze ndugu yetu yaliyonipata kabla hajatuma hela.

Mimi ni mama wa biashara ya nyanya na vitunguu hapa Ilula. Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya dizeli, injini 3L, ile ya cc 2,779 isiyo na tabo. Niliinunua 2008 ikiwa imeshatumika. Kazi yake ni kushuka Ruaha Mbuyuni kuchukua vitunguu, kupanda navyo Kitonga, na siku nyingine kuingia Image na Irole kufuata nyanya shambani. Anayeujua mlima Kitonga hahitaji maelezo. Unapanda kwa gia ya pili nyuma ya lori la Zambia, kulipita huwezi, upepo hauingii kwenye rejeta, na mshale wa joto unapanda huku unautazama.

Mwanzoni mwa 2019 ilianza kunywa oili, lita moja kwa wiki, baadaye lita kwa safari. Ukifungua mfuniko wa oili injini ikiwa inaunguruma, moshi ulikuwa unatoka kwa pumzi, puf, puf, kama chungu cha makande. Asubuhi haikuwaka bila vijana kuisukuma. Fundi niliyempelekea aliisikiliza kwa dakika tano. Hakupima kompresheni, yaani presha ndani ya silinda, yale matundu ambamo pistoni hupanda na kushuka. Hakufungua hata boliti moja. Akasema, "Mama, hii imekwisha. Tafuta ya mtumba, siku tatu uko barabarani."

Siku tatu, Mhariri, kwa mtu ambaye nyanya zake zinaiva shambani, ni neno tamu mno. Nilipanda basi nikaenda Dar. Muuzaji alinionyesha injini inayong'aa, imepakwa rangi ya fedha, haina hata tone la oili nje. Akaniapia kwamba haijawahi kukanyaga barabara ya Afrika. Iliwashwa pale chini kwa betri na kidumu cha dizeli, ikanguruma vizuri kwa muda usiozidi dakika mbili. Sikujua kwamba dakika mbili hazitoshi hata maji kupata moto. Nililipa 3,400,000. Gari la kuileta Iringa 180,000, fundi kuifunga 300,000, na oili, mipira ya maji, raba za kushikia injini na vikorokoro vingine 220,000. Risiti niliandikiwa kwa mkono, "injini 1", bila namba yake.

Hiyo namba iliniumiza baadaye. Kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini. Trafiki mmoja alifungua boneti, akalinganisha, akaniuliza injini hii umeitoa wapi. Nilipotaka kurekebisha kadi nilitakiwa nionyeshe nyaraka za injini, na mimi nilikuwa na kile kikaratasi tu. Nikimpigia muuzaji simu hapokei. Kwa zaidi ya mwaka niliendesha gari langu mwenyewe roho ikiwa juu kila nikiona askari.

Injini hiyo ilifanya kazi miezi 14. Oktoba 2020, katikati ya Kitonga, na magunia tisa ya vitunguu nyuma, ikachemka ghafla. Mvuke ukatoka hadi sikuona mbele, ikazima na haikuwaka tena. Tulivutwa na lori la msamaria hadi Ilula.

Safari hii nilimwita kijana mwingine, aliyesoma ufundi VETA na sasa ana kibanda chake kidogo hapa. Kesho yake asubuhi alishusha hedi, kile kifuniko cha juu cha injini chenye valvu, akaniita. "Shikamoo mama. Njoo uone mwenyewe, usije ukasema nimekuambia tu." Kati ya valvu mbili za silinda ya pili kulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele. Kwenye njia za maji kulikuwa na uji wa kahawia ulioganda. Aliuchokoa kwa bisibisi akaniwekea kiganjani. Akanieleza kuwa ni dawa ya kuziba uvujaji, mtu huimimina kwenye rejeta ili injini iliyopasuka ishikilie maji kwa muda. Yaani injini ile ilikuja kwangu ikiwa imeshapasuka na kufungwa bandeji.

Kisha akaniuliza, "Ile ya zamani uliuza?" Sikuwa nimeiuza. Ilikuwa chini ya mparachichi nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai, kuku wanatagia juu yake. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameniahidi 150,000, tumekubaliana aje Jumamosi.

Hapa ndipo naomba ndugu wa Makambako asome polepole. Kijana yule aliifungua ile injini ya zamani yote, akaiosha kwa dizeli, akaipanga juu ya meza. Akanishika mkono, akaniwekea ukucha wa kidole ndani ya silinda ya tatu, akasema shusha taratibu. Karibu na juu ukucha ulikwama kwenye kingo. Akanionyesha kwamba ringi za pistoni huishia pale, chini yake ukuta umelika, juu yake haujaguswa tangu kiwandani. Chini zaidi kidole kilipita kwenye mikwaruzo ya wima, kama imechorwa na msumari. Akatoa geji ya kupimia silinda na maikromita, kile kifaa kinachosoma hadi vipande vidogo vya milimita. Akapima kila silinda juu, katikati na chini, kwa mbele na kwa ubavu, na kila kipimo akakiandika kwa chaki kwenye mlango wa bati. Silinda ya 3L ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 96. Zile nyingine tatu zilisoma kati ya 96.08 na 96.11. Ile ya mikwaruzo ilisoma 96.21. Akapima krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, akakuta inahitaji kuchongwa hatua moja tu, robo milimita. Akalaza rula ya chuma juu ya bloku, lile bonge la chuma lenye silinda, kutafuta kama imepinda, haikupinda. Hedi akaipeleka mjini kupimwa kwa maji ya presha, ikarudi haina ufa.

Akanigeukia. "Mama, hii nani alikuambia imekwisha? Tunachonga silinda zote nne hadi tisini na sita na nusu, tunaweka pistoni za ova saizi, kubwa kidogo kuliko za mwanzo, inakuwa injini yako tena. Na namba ni ileile ya kwenye kadi."

Sijawahi kusahau mlango ule wa bati. Injini iliyohukumiwa kifo kwa sikio la dakika tano ilikuwa imechakaa kwa vipande vya milimita vinavyohesabika, na kipimo hicho kingeweza kufanyika mwaka mmoja kabla.

Ila hakuishia hapo. Akasema kuna kitu kimeiua na lazima tukijue, la sivyo tutakuwa tunazika kila mwaka. Akafungua rejeta, akatoa tangi la juu. Zaidi ya nusu ya vijibomba vilikuwa vimeziba kwa chokaa nyeupe. Miaka yote ile utingo wangu alikuwa akijaza maji ya kisima, na ya mto tukiwa njiani. Ile injini ya mtumba hata ingekuwa mpya kabisa, tungeifunga kwenye rejeta ileile na Kitonga ingeimaliza. Yule fundi wa kwanza hakuigusa rejeta. Na mimi sikumuuliza, kwa sababu sikujua kwamba kuna la kuuliza.

Ovaholi yote ilinigharimu 2,430,000. Pistoni na ringi zake 420,000, kuchonga silinda nne 200,000, krenki 130,000, beringi 190,000, nozeli zinazopuliza dizeli na pampu yake kurekebishwa 380,000, fundi 450,000. Iliyobaki ni gasketi, hedi, pampu ya oili, beliti ya taimingi na oili. Hizo ni bei nilizolipa mwishoni mwa 2020, leo zimepanda. Rejeta nilinunua nyingine, hiyo ni nje ya hesabu. Kazi ilichukua siku 24, na siku hizo nilikodi Kenta ya jirani, lori dogo, ikanila faida yote. Hilo silifichi. Mwenye Hiace ya abiria anayetegemea hesabu ya kila jioni atazihisi siku hizo kuliko nilivyozihisi mimi, na lazima aziweke kwenye mahesabu yake kama anavyoweka bei ya pistoni.

Baada ya hapo kilomita 1,000 za kwanza sikupakia zaidi ya nusu mzigo, wala sikupanda Kitonga. Zilipotimia nikamwaga oili yote nikaweka mpya. Tangu hapo namwaga kila kilomita 5,000, na kwenye rejeta haiingii kitu isipokuwa kulanti, maji maalumu ya rejeta. Mpaka ninapoandika barua hii imeshatembea kilomita 71,000, na kati ya kumwaga oili na kumwaga siongezi hata kikombe.

Sisemi kwamba mtumba ni mbaya siku zote. Mdogo wangu wa Iringa mjini ana Noah ya petroli, injini 3S. Ilipogonga konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni, ikatoboa bloku, nilimwambia mwenyewe asihangaike, atafute nyingine. Bloku iliyotoboka huichongi. Tena 3S ziliingia nchini kwa wingi mno, kwa hiyo injini nzima ya mtumba ilimtoka kwa hela ndogo kuliko pistoni, krenki na uchongaji vingemtoka. Alifanya vizuri. Lakini hata yeye alijua hivyo baada ya kufungua na kuona tundu, hakukisia. Injini kuukuu za dizeli kama 3L yangu ni habari nyingine. Magari mengi yaliyokuja nazo ni ya miaka ya tisini. Nyingi zinazouzwa leo kama za Japani zimeshavaliwa hapahapa na gari moja au mawili, zikaoshwa zikapakwa rangi.

Kwa hiyo ndugu wa Makambako, kabla ya yote mwambie fundi apime kompresheni ya kila silinda, akuandikie namba. Kama silinda zote zinakaribiana na ziko vizuri, huenda ugonjwa ni sili za valvu au nozeli, na hapo huhitaji ovaholi wala mtumba. Jirani yangu alikaribia kushusha injini kwa sababu ya moshi mweupe wa asubuhi, kumbe plagi za kupashia joto zilikuwa zimekufa. Kama silinda moja iko chini sana kuliko wenzake, fungua. Ikifunguliwa, usikubali neno "imekwisha" bila maikromita. Fundi asiye nayo si mtu mbaya, mpeleke tu anakochonga krenki, kipimo kipo pale. Muulize pia ni nini kilichoiua, na usitulie mpaka akujibu.

Na ukiamua mtumba, simama pale iwashwe nusu saa nzima mpaka iwe moto, fungua mfuniko wa oili uangalie pumzi, shika mpira wa juu wa maji uone kama umejaa presha mapema. Namba ya injini iandikwe kwenye risiti, na nyaraka zake za forodha upewe siku hiyohiyo. Asiyetaka kukupa mwachie injini yake.

Kuhusu kuuza gari, mwanao ana hoja kama bodi imeoza na chasisi imekatika. Kama bodi na chasisi ni nzima, waulize watu wanaagiza gari jingine kwa shilingi ngapi, na ukumbuke kwamba gari likizidi miaka minane ushuru wake unaongezwa kwa sababu ya umri. Mimi nilipopiga hesabu hiyo, 2,430,000 zilionekana chache.

Kwako Mhariri, nina ombi. Wauzaji wa injini wanatangaza kila siku kwenye magazeti na redioni. Wapelekee mwandishi wako awaulize swali moja: kwa nini mtu anunue redio apewe dhamana ya maandishi, halafu anunue injini ya milioni tatu na kuambiwa ikiwaka tumemalizana? Wenye dhamana ya kweli wapo, na watafurahi kuulizwa. Hao wengine nao tuwajue kwa majibu yao.

Ile injini ya rangi ya fedha sasa ndiyo iko chini ya mparachichi. Hedi yake imepasuka, sitamuuzia mtu. Lakini krenki tuliipima, bado ni standadi, haijawahi kuchongwa. Kama ndugu wa Makambako Hiace yake ni 3L na krenki yake ikionekana imekwisha, aje Ilula na fundi wake na maikromita yake, aipime mwenyewe kabla hatujazungumza bei.

Mfanyabiashara wa nyanya,
Ilula, Iringa