Mwanangu, nilisema tutaongea

Mama yangu,

Shikamoo yako ya juzi nimeipata, marahaba. Najua utashangaa kuona meseji ndefu hivi kutoka kwangu maana mimi nimezoea kukutumia dole gumba tu basi. Hii naiandika siku ya tatu leo, nafuta narudia, mpaka mama yako ananiuliza hivi we usiku wote huu unachati na nani.

Ile siku uliponipigia ukaniambia ulichoniambia, nilikujibu "sawa mama, tutaongea". Na wewe unajua kwetu tutaongea maana yake nini, ni kama fundi akikwambia njoo Jumamosi. Miaka miwili imepita, tumeongea hali ya hewa, tumeongea gari lako, tumeongea miguu ya bibi yako Tanga, hilo lenyewe hatujaligusa. Sasa ngoja nianzie mbali kidogo, kwenye mbao, maana ndiko ninakojua kuanzia.

Mwaka jana mwezi wa nane yule bibi jirani, mwalimu mstaafu mwenye mbwa wa miguu mitatu, alinikuta gereji natengeneza kitanda. Akasimama, akapapasa miguu ya kitanda, akasema tuna ukumbi wetu wa maigizo pale nyuma ya sheli, watu wanajitolea tu hakuna anayelipwa, fundi wetu kahama, hebu njoo utusaidie. Mimi tangu nifike Minnesota hakuna mtu aliyewahi kupapasa kazi yangu vile, nikasema naja. Mchezo wenyewe unahusu nini sikuuliza. Kufika nakuta bango mlangoni, msimu mzima, michezo mitatu, yote ya mashoga na wasagaji.

Nisamehe kwa hayo maneno. Hilo la pili mkono uligoma kuliandika. Unajua shangazi zako kule Ngamiani wanaitana shoga, shoga njoo, shoga umesikia ya jirani, na kwa wanawake wa Pwani hakuna neno tamu kama hilo, sijui lini likageuzwa tusi la kurushiwa wanaume. Hilo lingine nalo limetoka kwenye kusaga, kama mtu anaongelea mashine ya unga. Nimetafuta neno la kukuita wewe nimekosa, nikaona niendelee na mwanangu, hilo lilikuwepo kabla.

Kwa kweli siku ile niligeuza gari. Nilifika mpaka kwenye taa za barabarani ndo nikakumbuka randa ya babu yako nimeiacha kwenye kiti pale ukumbini, nikarudi kuchukua randa. Nikapewa kahawa na karatasi ya vipimo. Basi nikabaki, ndivyo ilivyokuwa, hakuna ushujaa wowote hapo.

Mchezo wa kwanza ulikuwa The Laramie Project. Kazi yangu ilikuwa ndogo, meza na viti tu, maana waigizaji wanane ndo wanacheza watu zaidi ya 60, wanabadilisha koti wanakuwa mtu mwingine. Ni habari ya kweli. Matthew Shepard, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Laramie, Wyoming, miaka 21, Oktoba 1998 vijana wawili walimchukua kwenye baa, wakampiga, wakamfunga kwenye uzio nje ya mji wakamwacha kwenye baridi. Alikaa pale kama masaa 18 mpaka kijana mmoja wa baiskeli akapita, na mwanzoni alidhani ni lile sanamu la kutishia ndege. Tarehe 12 akafariki. Ndo kundi la waigizaji wa New York wakaenda kwenye huo mji wakahoji watu, mahojiano zaidi ya 200, polisi, mwenye baa, wachungaji, na maneno yao hayo hayo ndo yanasemwa jukwaani.

Mimi nilikuwa nyuma nakaza skrubu za kiti kinacholia. Nikasikia kwamba wakati hayo yanatokea wazazi wake walikuwa Saudia, baba alikuwa kule kikazi. Nikaacha skrubu. Yaani simu imemkuta mtu yuko nchi ya watu anatafuta riziki, anahesabu masaa ya ndege. Mimi simu kama hizo nimepokea mbili, ya baba na ya kaka, nazijua, lakini ile ya mtoto sijui mtu anaipokeaje.

Alafu mwishoni kuna maneno ya huyo baba mahakamani. Mmoja wa wale vijana angeweza kunyongwa, na baba mtu akasimama akasema nakuachia uhai, japo ni vigumu kwangu, kwa ajili ya Matthew. Aliyecheza baba ni kinyozi wa hapa mtaani, siyo muigizaji hata kidogo, anakosea mistari kila siku, hapo hakukosea hata siku moja. Na kuna kitu mchezoni hakimo, nilikuja kuambiwa na dairekta, kwamba wale wazazi walikaa na majivu ya mtoto wao miaka 20 bila kuyazika, wakihofia watu watakuja kuchafua kaburi, mpaka 2018 yakawekwa kwenye kanisa kuu la Washington. Miaka 20! Sisi tunaozika kabla jua halijazama.

Siku ya ufunguzi nilimwambia mama yako nimechoka, nikaenda peke yangu.

Mchezo wa pili sasa ndo nikacheka, Torch Song. Nikaambiwa fundi tunataka kitanda. Nikasema kitanda mmempata mwenyewe. Wakasema cha watu wanne. Nikauliza wanne vipi, wakasema kuna sehemu nzima ya mchezo watu wote wako kwenye kitanda kimoja kikubwa, wanaongea, wanagombana, wanajibu simu, humohumo. Nikakaa kimya nikasema astaghfirullah kimoyomoyo, kisha nikauliza urefu na upana. Mama, kile kitanda kilikuwa futi 9 kwa 8, mbao za paini na plaiwudi, nilikiweka bawaba katikati kikunjwe kipite mlangoni, na watu wanne wakirukaruka juu hakitoi hata mlio. Bei ya plaiwudi huku lakini ni wizi wa mchana.

Aliyeuandika ule mchezo, Harvey Fierstein, alicheza mwenyewe Broadway kuanzia 1982, na uliendelea miaka mitatu kasoro kidogo. Mwanzoni una mambo ambayo mimi nilikuwa naangalia dari, sikufichi. Lakini sehemu ya mwisho mama anakuja kumtembelea mwanae Arnold. Mwanae kafiwa na mpenzi wake, kijana aliyepigwa na wahuni mpaka akafa, na kazikwa makaburi yale yale alikozikwa baba yake Arnold. Wanaenda makaburini wote, mama anamwombea mumewe, anageuka anamkuta mwanae naye anaomba kwenye kaburi la yule kijana. Mama anawaka. Anaona katukanwa, unawezaje kulinganisha hicho chako na ndoa yangu ya miaka yote. Na mimi nilikuwa upande wa mama! Wallahi nilikuwa nae kabisa. Mpaka yule Arnold anamwambia, nimejifunza kushona, kupika, kuziba bomba, kutengeneza fanicha, ili nisimwombe mtu kitu chochote, ninachotaka kwa watu ni upendo na heshima tu, asiyeweza kunipa hivyo hana nafasi kwangu.

Kutengeneza fanicha. Nikakumbuka ulivyonitumia picha ya shelfu ulilojitengenezea, nikakujibu dole gumba. Lile shelfu limepinda kushoto, niliona palepale, na sikukwambia, na mimi sijawahi kuona kazi ya mtu imepinda nikanyamaza. Kwa nini hukuniuliza mimi? Basi nikajua kwa nini hukuniuliza.

Wa tatu ulikuwa wa mwezi wa tano, Last Summer at Bluefish Cove. Nilijenga kibanda cha ufukweni na kibaraza chake, nikaona kama ufukwe wa Raskazone kule Tanga vile. Wanawake saba, marafiki, wanakutana kila kiangazi pwani, wanavua samaki, wanateta, wanataniana, anakuja mmoja ametoka kumwacha mumewe hajui hata kakodi nyumba katikati ya kina nani. Huu mama yako nilimleta. Alicheka sana, mule ndani wanaongea kama shangazi zako kabisa. Ila Lil, yule wanayempenda wote, ana kansa, na anakufa. Na mwandishi mwenyewe Jane Chambers naye akafa 1983, uvimbe wa ubongo, miaka 45 tu.

Hapo ndo nikapandisha. Tumemaliza, watu wanavunja jukwaa, nikamfuata dairekta na nyundo mkononi nikamuuliza, hivi nyie, msimu mzima, mchezo wa kwanza kafa, wa pili kafa, wa tatu kafa, hakuna hata mmoja anayezeeka? Akacheka alafu akaona sicheki. Tukakaa kwenye ngazi ya kile kibaraza akanieleza. Kwamba zamani ilibidi wafe au waadhibiwe. Mwaka 1923 New York waigizaji walikamatwa na polisi kwa mchezo wenye wanawake wawili wanaopendana, 1927 ikatungwa sheria ya kupiga kufuli ukumbi unaoonyesha watu hao, na hiyo sheria ilikaa vitabuni mpaka 1967. Kwa hiyo akionekana mtu kama huyo jukwaani lazima mwisho wake uwe mbaya ili watu warudi nyumbani wameridhika. Nikamwambia hilo siyo la New York tu, Kampala 2012 walionyesha mchezo wa mfanyabiashara shoga, na yeye mwishoni wafanyakazi wake wanamuua, na bado prodyuza akawekwa ndani na mwaka uliofuata akafukuzwa nchi.

Ule mchezo wa 1923 akaniazima kitabu chake, kauandika Myahudi mmoja, Sholem Asch. Sikulala. Baba ana danguro chini, juu anaishi na mkewe na binti, na kanunua kitabu kitakatifu cha gharama kukiweka chumbani kwa binti ili abaki safi na aolewe kwa heshima. Binti anampenda mmoja wa wanawake wa chini. Baba akijua, anamsukumia binti yake hukohuko chini, na kile kitabu akasema kirudishwe. Sasa mimi sina danguro, mimi nina grupu la WhatsApp la ukoo, watu 84. Lakini nilijiuliza, ile miaka miwili nilikuwa namlinda nani, wewe au kitabu changu.

Sikudanganyi kwamba kila kitu nimekielewa. Bado kuna swala nasali na sijui niseme nini. Sheria ya nyumbani nayo unaijua, mtu anafungwa mpaka maisha, kwa hiyo ukiniuliza Tanga kwa bibi twende lini, na hilo sina jibu, na usidhani nikinyamaza hapo ni kwa ajili ya kukuonea aibu, ni woga. Tofauti hizo mbili nilikuwa sizijui mwenyewe. Ninachojua nataka uzeeke. Nataka uwe bibi kizee mkorofi kama huyu jirani, uende kupapasa vitanda vya watu kwenye magereji yao.

Kile kitanda kikubwa walitaka kukitupa, ukumbi hauna stoo. Nimezichukua mbao zote, nimepiga randa na msasa, nimetengeneza meza ya watu sita, iko jikoni, mama yako kashaimwagia chai. Na nimenunua mabano ya chuma kwa ajili ya lile shelfu, usipakie vitabu vingine mpaka nije au mje.

Huyo mwenzako anakula samaki? Mama yako anasema jina lake nishaambiwa nisiulize tena, ila nimelisahau, niandikie. Na kama hawezi pilipili useme mapema.

Baba