Zana za mawe si kitambulisho cha kabila

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya Jumapili kuhusu watu wa kale wa Ulaya, na nashukuru kwamba gazeti limeyapa mambo haya ukurasa mzima. Kilichonikera ni lile jedwali. Kushoto mmepanga mitindo ya zana, kulia mmepanga “wenyewe”: watu wa mashoka ya mkono (mawe yaliyochongwa, yasiyo na mpini), watu wa vibanzi (vipande vilivyobanduliwa kwenye jiwe), kisha makabila manne ya Waneandathali, wale watu wa kale waliokwisha kutoweka, kila moja na vifaa vyake. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Kwanza wamelikata na kulibandika ukutani, ndiyo maana naandika.

Mwandishi wenu hakulitunga wazo hilo. Huko Clacton-on-Sea, pwani ya mashariki ya Uingereza, kuna tabaka la miaka kama 400,000 iliyopita ambalo limetoa vibanzi vya gumegume na mawe yaliyobanduliwa vibanzi hivyo, lakini si mashoka ya mkono kama yale ya Saint-Acheul, Ufaransa. Padri Henri Breuil, Mfaransa aliyekuwa bingwa wa mambo haya, akasema Ulaya ilikuwa na jamii mbili zilizokwenda sambamba, moja ya mashoka na nyingine ya vibanzi. Machimbo ya Swanscombe, karibu na mto Thames, yalimpa mtu sababu ya kuamini: changarawe za chini hazina mashoka, za juu zinayo.

Kabla ya kumtafuta mwenye zana, tuulize jiwe lilitoka wapi. Boxgrove, kusini mwa Uingereza, miaka kama 500,000 iliyopita, watu walichinjia wanyama chini ya jabali la chokaa lililojaa mapande makubwa ya gumegume. Mashoka yao ni mazuri mno, yamemaliziwa kwa nyundo ya pembe ya kulungu, na mabaki ya uchongaji bado yamelala palepale mchongaji alipokaa. Nenda Vértesszőlős, Hungaria, utakuta zana ndogondogo, kwa kuwa mali ghafi yenyewe ilikuwa kokoto. Hakuna fundi anayeweza kutoa shoka la shubiri moja kwenye kokoto inayoenea kiganjani.

Sisemi kwamba desturi haikuwa na nafasi. Miaka ya karibuni baadhi ya watafiti wa Uingereza wamerudi kusema kuwa watu wa Clacton walikuwa kundi lililoingia mapema na desturi zake, wenye mashoka wakafuata. Huenda wako sahihi. Lakini wao wanajenga hoja kwa matabaka yaliyopimwa, eneo kwa eneo. Jedwali lenu limeruka kazi hiyo yote na kutoa hukumu.

Hayo “makabila manne” ndiyo yaliyonishangaza zaidi. Yanatoka kwa François Bordes, mtafiti wa Bordeaux, Ufaransa, mtu aliyejua kuchonga mawe kwa mikono yake, aliyepanga orodha ya aina 63 za zana na kuhesabu kila aina katika kila tabaka. Kwenye pango la Combe Grenal, Dordogne, Ufaransa, aliona mafungu ya zana za Waneandathali yakipishana: hili linakuja, lile linaondoka, la kwanza linarudi. Akahitimisha kuwa ni makabila yaliyopokezana pango. Makabila gani hayo, Mhariri, yaishi bonde moja kwa makumi ya maelfu ya miaka bila kuoana hadi vyombo vyao vikafanana?

Mwaka 1966 Wamarekani wawili, Lewis na Sally Binford, walijibu kwamba tofauti ni ya kazi: penye kukwangua ngozi patabaki zana za ngozi, penye kuchonga mti patabaki za mti. Mtafiti Mwingereza Paul Mellars akasema sehemu kubwa ni tofauti ya wakati. Kisha miaka ya 1980 akaja mtafiti Mmarekani, Harold Dibble, na hoja ninayoipenda kuliko zote. Alionyesha kwamba vikwangulio vingi ambavyo Bordes aliviita aina mbalimbali vingeweza kuwa zana ileile katika hatua tofauti za kunolewa. Kisu cha bucha kikinolewa miaka kumi kinabaki chembamba kama mwiko, na hakuna anayesema bucha limebadilisha kabila.

Hata suala la nani alichonga nini halina majibu mepesi. Mwaka 1979 huko Saint-Césaire, Ufaransa, mifupa ya Mneandathali ilikutwa katika tabaka lenye zana ambazo wengi walizihesabu kuwa za binadamu wa aina yetu. Mpaka leo wataalamu wanabishana kama mifupa na zana vililala pamoja tangu mwanzo au vilichanganyika baadaye.

Ubishi huu haukuishia Ulaya. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alichimba karibu na Clacton mwaka 1934, mwaka mmoja kabla ya kukanyaga Olduvai hapa Tanzania. Baadaye naye aliona Olduvai mila mbili zilizoishi wakati mmoja, moja yenye mashoka mengi na nyingine yenye machache, na waliomfuata wakauliza maswali yaleyale ya jiwe, kazi na makali.

Ombi langu ni dogo. Sehemu ya pili ya makala ikitoka, jedwali liwe na safu ya aina ya jiwe na safu ya umri wa tabaka, na ile safu ya “wenyewe” ibaki tupu pale ambapo hakuna mifupa iliyopatikana. Tena wekeni kipimo cha sentimita chini ya picha. Katika toleo la Jumapili shoka la Saint-Acheul na kibanzi cha Clacton vimechapishwa kwa ukubwa mmoja, na wanafunzi wangu wanadhani vinatoshana.

Mwalimu wa Historia,
Iringa