Risala ya Kikundi cha Wakuzaji Uyoga wa Kisauni kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, maafisa wa kilimo na wa afya mlioandamana naye, mzee wa mtaa, viongozi wetu wa dini, majirani na wanakikundi wenzetu, asalaam alaykum. Na kwa ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuitika mwito wetu. Tumeombwa tueleze kazi ya kukuza uyoga nyumbani jinsi inavyofanyika hapa Mombasa, inapoharibika na kwa nini, kisha tulete maombi yetu. Tutaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu maombi yenyewe hayataeleweka bila kazi kueleweka.

Tunaanza na joto. Maelekezo mengi ya uyoga yanayozunguka nchini yanawafaa watu wa bara. Ule uyoga mweupe wa duara unaouzwa katika supamaketi unataka nyuzijoto 16 hadi 18 wakati wa kuzaa, tena juu ya mboji iliyoozeshwa kwa wiki kadhaa, ndiyo maana unastawi sehemu za baridi kama Limuru. Mombasa ya Februari na Machi mchana hufika nyuzijoto 32 na kupita, na hata usiku joto halishuki sana. Anayetaka kuukuza uyoga huo hapa, bili ya umeme wa kupoza chumba itamla yeye na faida yake. Hatumshauri mtu yeyote aujaribu.

Tunaokuza sisi ni uyoga wa chaza, unaoitwa oyster kwa Kiingereza, na hata huo tunauchagua kwa kufuata pepo. Wakati wa kusi, hali ya hewa inapopoa kuanzia Mei hadi Septemba, tunapanda Pleurotus pulmonarius, wenye kofia za rangi ya kijivu na kahawia. Kaskazi, upepo wa msimu wa joto, ikiingia tunahamia uyoga wa chaza wa rangi ya waridi, Pleurotus djamor, unaostahimili nyuzijoto 30 na zaidi. Huo wa waridi hukua upesi na huharibika upesi: ukichumwa asubuhi, uuzwe siku hiyohiyo. Mbegu yake, yaani nafaka iliyoota utando wa uyoga, nayo isitiwe ndani ya friji, kwa maana baridi huiua. Upo pia uyoga wa maziwa, Calocybe indica, unaopenda nyuzijoto 30 hadi 35 na unaokaa siku nyingi zaidi baada ya kuchumwa. Lakini huo hudai tabaka la udongo uliochemshwa, unene wa sentimita 3 au 4 juu ya majani, na mavuno yake huchelewa. Anayeanza aushike kwanza wa chaza.

Chakula cha uyoga ni majani makavu. Mabua ya mpunga ndiyo bora, yakatwe vipande vya sentimita 3 hadi 5. Makapi ya miwa yanafaa, na majani makavu ya mgomba pia. Makumbi ya nazi tunayo tele, lakini ni magumu na uyoga huyala polepole, kwa hiyo tunayachanganya kidogo tu au tunayatumia kuwa kuni. Na hapa pana tahadhari ya Pwani: makumbi yaliyozikwa kwenye matope ya bahari ili yatoe nyuzi za kamba yasiingie kabisa katika uyoga, chumvi imeshayakolea. Vumbi la mbao linataka mvuke mkali wa saa nyingi na lisitoke kwenye mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, nasi tumeliacha. Majani yawe makavu kweli na yawe na harufu nzuri. Yaliyonyeshewa yakaanza kuwa meusi yameshaliwa na ukungu mwingine, na hata ukiyachemsha hayana nguvu.

Mheshimiwa, kuchemsha ndiko kunakowashinda wengi, kwa hiyo turuhusu tukae hapo kidogo. Majani yanatiwa ndani ya gunia, gunia linazamishwa katika pipa la maji kwa jiwe zito, na maji yanashikiliwa kati ya nyuzijoto 70 na 80 kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili. Watu wengi hudhani kwamba maji yakitokota kwa nguvu ndiyo usafi zaidi. Sivyo. Moto mkali wa muda mrefu hulainisha majani, huachilia sukari yake, na huua hata vile vidudu vizuri vinavyopenda joto ambavyo vingebaki kuyalinda. Majani yakishakuwa hivyo, ukungu wowote utakaotua wa kwanza ndio utakaoyamiliki. Na moto ukiwa hafifu, mayai ya nzi na mbegu za ukungu hupona. Kipimajoto cha jikoni kinatosha kumaliza ubishi huu, na tunamwambia kila anayeanza akinunue kabla ya kununua mbegu.

Yakitoka pipani, majani hutundikwa yachuje maji, kisha hutandazwa juu ya meza iliyopanguswa kwa spiriti na kufunikwa shuka safi. Kwa joto letu huchukua usiku mzima kupoa, kwa hiyo tunachemsha jioni na kupanda alfajiri. Kabla ya kupanda tunachota konzi moja ya majani na kuikamua kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu katikati ya vidole, maji yametosha. Yakitiririka, majani yarudi yachuje, kwa sababu maji yaliyotuama chini ya ndoo hufukuza hewa na kuleta uvundo. Mkono ukibaki mkavu, nyunyiza maji yaliyochemshwa yakapoa. Na majani yakiwa bado yana uvuguvugu usipande, mbegu itapikika.

Wakuzaji wengi hutumia mifuko ya plastiki. Sisi tumechagua ndoo za lita 20 zenye vifuniko, zile za mafuta ya kupikia, zilizosafishwa kwa sabuni na maji ya moto. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya kubebea tangu tarehe 28 Agosti 2017 haihitaji sisi tuzalishe lundo jingine la plastiki chafu, na ndoo hurudi kazini miaka na miaka. Ndoo hutobolewa mbavuni matundu ya milimita 10, yakipishana kwa sentimita 15 hivi, na matundu madogo manne au matano kitakoni. Ndoo moja huchukua kilo 2 za majani makavu, ambayo yakilowa huwa kilo 6. Mbegu ni asilimia 5 ya uzito wa majani yaliyolowa, yaani gramu 300 kwa ndoo. Panga majani unene wa vidole vinne, nyunyiza mbegu, nyingi zaidi ikae pembeni karibu na matundu, shindilia kwa kiganja, kisha tabaka jingine, hadi juu. Pumba hatuongezi wakati wa kaskazi. Huzidisha mavuno, ni kweli, lakini huzidisha joto ndani ya ndoo na kuukaribisha ukungu wa kijani.

Matundu huzibwa kwa ile plasta ya karatasi ya duka la dawa, inayopitisha hewa na kuzuia nzi. Kwa majuma mawili hadi matatu utando mweupe husambaa majanini. Utando huo ukifanya kazi hutoa joto lake wenyewe, ndani ya ndoo pakawa na joto kuliko chumbani kwa nyuzijoto kadhaa. Hili ndilo linaloangusha watu wa Mombasa bila wao kujua: chumba kinasoma 29, ndoo zimebanana ukutani, katikati ya majani pamepita 35, na utando unakufa huku kwa nje ndoo inaonekana salama. Ndoo zisigusane, ziachiane shubiri moja. Chomeka kipimajoto katikati ya ndoo moja kila mchana. Kikipita 32, zitawanye, mwaga maji sakafuni, na ufungue madirisha usiku.

Nyumba yenyewe ina maana kubwa. Makuti na kuta za udongo hupoa kuliko mabati na matofali ya saruji, na kivuli cha mwembe ni nyongeza ya bure. Makuti hudondosha vumbi na wadudu, kwa hiyo chini yake hutandikwa shuka jeupe kama dari. Madirisha yawe na chandarua chenye matundu madogo sana, maana wale nzi wadogo weusi hutaga ndani ya majani na mabuu yao hula utando.

Ndoo ikishakuwa nyeupe yote, plasta huondolewa. Sasa unahitaji unyevu wa asilimia 85 hadi 90, hewa safi, na mwanga wa kutosha kusoma gazeti, ila jua lisipige. Hewa ya Mombasa ina unyevu wa kutosha alfajiri, lakini mchana hupungua, hivyo tunatundika magunia yaliyolowa na kunyunyiza hewani na sakafuni mara tatu au nne kwa siku. Maji yasielekezwe kwenye vichipukizi. Yakituama juu ya kofia huleta madoa ya manjano yanayoteleza, ugonjwa wa bakteria, na mzigo huo haununuliwi. Uyoga wenyewe hueleza shida yake kwa umbo lake: shina refu na kofia ndogo maana yake hewa imechafuka na madirisha yafunguliwe zaidi, kofia zilizopasuka kingo maana yake ukavu. Ukungu wa kijani ukionekana, ndoo hiyo hutolewa nje bila kufunguliwa chumbani na majani yake huzikwa mbali. Kuukwangua na kuirudisha ndoo ni kuuambukiza banda zima.

Uchumaji hufanyika kingo za kofia zikiwa bado zimeinamia chini. Unashika kichala kizima, unakizungusha, kinatoka na kitako chake. Ukingoja kingo zifunuke juu, uyoga humwaga vumbi jeupe la spora, chembe zake za kuzaliana, na vumbi hilo hudhuru mapafu, hasa ya wenye pumu. Kwa hiyo tunavaa barakoa tunapochuma, na tunasema wazi kwamba uyoga usikuzwe chumba cha kulala hata kama nafasi ni finyu. Kilo 2 za majani makavu hutoa kati ya kilo 1 na 2 za uyoga kwa michumo miwili hadi mitatu. Baada ya hapo majani huwekwa kwenye tuta la mchicha.

Maafisa wa afya wamo, na tungependa hili lisikike mbele yao: anayekula uyoga wetu asije akadhani kwamba na ule unaochomoza kwenye nyasi baada ya mvua za masika unalika. Ipo aina nyeupe ya kofia pana inayoota uwanjani na ni ya sumu, na kuchemsha hakuondoi sumu ya kila uyoga. Watoto waambiwe.

Mheshimiwa, sasa maombi yetu.

La kwanza na kubwa ni mbegu. Mbegu hupandikizwa kwenye nafaka kama mtama katika maabara safi, na inayotufikia husafirishwa kutoka bara, kwa mfano kutoka Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja. Ni safari ya takriban kilomita 500 ndani ya buti la basi. Mbegu ni kitu hai, ikipata joto njiani hufika na maji ya manjano chini ya mfuko na harufu ya kuchacha, na mnunuzi hajui kama imekufa mpaka majuma mawili yapite na majani yake yaoze. Tunakuomba utusemee kwa Kaunti na kwa vyuo vya hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ili mbegu za aina zinazohimili joto zizalishwe karibu na wakuzaji wa Pwani.

La pili ni maji. Visima vingi vya huku ni vya maji ya chumvi, na maji hayo hudumaza utando. Maji ya mfereji hayaji kila siku. Tangi la lita 5,000 pamoja na mifereji ya kukinga maji ya mvua kwenye paa la mabati la ofisi ya mtaa lingetutosha.

La tatu ni kikaushio cha jua chenye feni. Kilo 10 za uyoga mbichi hukauka zikawa kilo 1, unaokaa miezi ndani ya kopo linalofunga vizuri. Kuanika juani tu hakutoshi hapa, kwa sababu jua likitua hewa ya bahari huurudishia uyoga unyevu wote na asubuhi ukungu umeshaingia. Kukiwa na kikaushio, siku ambayo hoteli au wateja wa soko la Kongowea hawakununua haitakuwa siku ya kutupa.

Ukikubali kuingia bandani, Mheshimiwa, tunaomba mwingie watatu watatu, mnawe mikono kwa spiriti, na mkanyage sinia la chokaa lililo mlangoni. Barakoa ziko juu ya meza.

Wabillahi tawfiq.

Ni sisi, wanakikundi.