Mechi tatu zilizobaki

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku wazima. Mama yako anakohoa kidogo, ni vumbi tu la msimu huu.

Tangu simu yako ya Jumapili nimekuwa nikijigeuza kitandani. Ulisema timu imekwisha kukuambia mkataba hauongezwi, kuna kiungo anakuja kutoka nje, na wewe umebakiwa na mechi tatu. Ukasema, "Baba, nijichoshe kwa ajili ya nani? Nitawaambia nyama za paja zinavuta." Salio likaisha hapo hapo. Labda ilikuwa heri, maana nilikuwa nimeshafungua kinywa kukugombeza.

Ile jezi yako ya Arsenal iliyotoboka kwapani, yenye jina la Wilshere, mama yako bado anafutia vumbi redio. Huyo Wilshere alikulia kwenye akademi ya Arsenal wakati mkuu wake akiwa Liam Brady. Wewe ulimpenda mtoto. Mimi zama zangu nilimpenda mlezi.

Brady ni mtu wa Dublin, Ayalandi, amezaliwa 1956. Arsenal walimchukua London akiwa na miaka 15, na kwa jinsi alivyopenda chipsi wakamwita Chippy. Alikuwa mashoto kama wewe, ila (usinune) mguu wake ulikuwa na akili kuliko wako. Fainali ya Kombe la FA ya 1979, Arsenal wanaongoza 2-0, Manchester United wakarudisha yote mawili dakika za mwisho kabisa. Wengine wameshika viuno. Brady akaukokota mpira mbele, akampa mwenzake Rix, krosi, mshambuliaji wao Alan Sunderland akamalizia. 3-2.

Lakini ninachotaka kukusimulia ni penalti mbili.

Ya kwanza ni Brussels, Mei 14, 1980, fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya dhidi ya Valencia ya Hispania. Dakika 120 hakuna bao. Zikaja penalti. Mario Kempes wa Valencia, bingwa wa dunia, akakosa. Akaja Brady, naye akakosa. Zikaendelea, na mwishowe Valencia wakachukua kombe.

Kiangazi hicho hicho akaenda Juventus. Italia ilikuwa imewafungia mlango wachezaji wapya wa kigeni kwa zaidi ya miaka kumi, na 1980 ndiyo kwanza wakaufungua: mgeni mmoja kila timu. Juventus walikuwa wametoka kutolewa na Arsenal kwenye nusu fainali ya kombe hilo hilo, kwa hiyo hawakuhitaji kusimuliwa habari zake. Kocha alikuwa Giovanni Trapattoni. Brady akapewa namba 10, na msimu wa kwanza tu wakatwaa ubingwa, yeye akiongoza timu kwa mabao 8 ya ligi.

Msimu wa pili ukamkuta na habari kama zako. Wageni sasa wangeruhusiwa wawili. Juventus wakamchukua Boniek wa Poland, kisha Platini wa Ufaransa. Hesabu hiyo haihitaji shule. Brady aliambiwa kabla ligi haijaisha.

Siku ya mwisho, Mei 16, 1982, Juventus na Fiorentina wana pointi sawa. Juventus wako ugenini Catanzaro, kusini kabisa mwa Italia, na bao halipatikani. Dakika ya 75 mpira ukashikwa ndani ya boksi. Penalti. Mpigaji ni Brady.

Hebu simama naye hapo. Anajua msimu ujao hana kazi kwenye timu hii. Miaka miwili na siku mbili nyuma alikosa mbele ya Ulaya nzima. Akikosa tena, watu watasema alifanya makusudi, na nani atabisha? Akaweka mpira, akapiga kwa kushoto, wavuni. 1-0. Fiorentina wakatoka sare Cagliari. Ubingwa wa 20 ukaenda kwa watu waliokwisha kumwonyesha mlango.

Hakuwa malaika. Mwaka 1989 Jack Charlton, kocha wa Ayalandi, alimtoa uwanjani kabla ya mapumziko kwenye mechi ya kirafiki na Ujerumani Magharibi, na Brady akakasirika, akaiacha timu ya taifa. Kwa hiyo hasira zako nazielewa. Na ukocha sikudanganyi, haukumnyookea. Celtic ya Uskoti walimpa timu 1991 ingawa hakuwahi kuichezea. Miaka miwili na ushei, hakuna kombe hata moja. Brighton ya Uingereza nako alikuta madeni tu. Mkono wake uliwiva kwa watoto: 1996 Arsenal wakampa vijana wao, akakaa nao mpaka 2014, na Kombe la FA la vijana wakalibeba 2000, 2001 na 2009. Hiyo ya 2009 Wilshere wako alikuwemo.

Kuna moja nilitaka kuisahau. Mwaka 2008 Ayalandi ilipata kocha mpya wa timu ya taifa, mzee wa Kiitaliano. Trapattoni. Yule yule aliyekuwa benchi Catanzaro. Na kwenye benchi lake jipya akamweka Brady kuwa msaidizi.

Miaka 26 ilikuwa imepita.

Sasa hilo paja. Kama kweli linauma, mwone daktari wa timu, asikuchome sindano za kukulazimisha kucheza. Kama haliumi, nijulishe Jumamosi mnacheza saa ngapi. Redio inahitaji betri mpya, na duka la hapa linafungwa mapema.

Mama yako anauliza kama unakula.

Baba yako