Barua kwa mdogo wangu aliyeacha baiskeli Himo

Mdogo wangu,

Simu hupokei, na ujumbe unausoma kisha unanyamaza. Huku najua unapita, kwa hiyo nakuandikia huku. Wasomaji wengine mtuvumilie, haya ni ya nyumbani. Ila mwenye breki za kubana ringi na njia ya mteremko asiruke mistari.

Mama hajambo. Bado anauliza kama ulifika salama Arusha, ingawa wiki ya tatu hii inakatika.

Nianze na Jumamosi, maana Jumamosi ulikuwa mdogo wangu kabisa. Ulikaa kwenye kreti, ukachukua spana ya spoku bila kuambiwa, ukampokea yule mzee wa ndizi. Anabeba mikungu minne kwenye keria, na spoku mbili zilikuwa zimekatika upande wa friwili, yale meno ya nyuma yanayovalishwa cheni. Ulifanya kama Baba alivyotufundisha: friwili ikatoka kwanza, maana bila kuitoa spoku ya upande ule haipiti. Ukaingiza mbili mpya, kisha ukazigonga zote kwa ukucha, moja moja, ukisikiliza. Zile za jirani zilikuwa zinatoa mlio wa chini, zimelegea, ukazikaza robo mzunguko, ukasikiliza tena. Ulimweleza mzee jambo ambalo mafundi wengi hawamwambii mteja: spoku haikatwi na kukazwa, hukatwa na kulegea. Kila gurudumu likizunguka na mzigo, spoku iliyolegea inanyong'onyea na kuvutwa, inanyong'onyea na kuvutwa, mpaka inachoka shingoni, pale inapopinda kuingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Ukimbadilishia zilizokatika tu ukaacha jirani zake zimelegea, wiki ijayo amerudi. Niliona fahari. Sikukuambia, basi nakuambia leo.

Na suala la cheni hukubisha. Ulikuja na cheni mpya kutoka Moshi mjini, ukataka tuivalishe juu ya friwili ya zamani. Tukaipima ile ya zamani iliyokuwa kwenye baiskeli: pingili moja ni nusu inchi, kwa hiyo pingili 24 zinatakiwa kuishia kwenye inchi 12 kamili, milimita 304.8. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, cheni inabadilishwa na meno ya nyuma yanapona. Yako ilisoma 308, yaani imezidi 1/8. Hapo meno nayo yameshalika kufuata cheni iliyorefuka, na cheni mpya haikai juu yake, inaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Ukaijaribu hadi kona na kurudi, ukaisikia inaruka, ukacheka, tukachambua sanduku la mitumba mpaka tukapata friwili ya gia saba yenye meno mazima. Ungekuwa na moyo ule ule Jumapili, nisingekuwa naandika.

Jioni ulipoingia ndani kula, mimi nilibaki kuifuta baiskeli. Ringi ya mbele ilikuwa na ule utando mweusi, nikausugua kwa sabuni. Kijifereji cha kiwandani kinachozunguka ubavuni, kile kinachoonyesha kiasi kilichobaki, kilikuwa kimefutika kabisa. Nikasimamisha ukingo wa rula ubavuni. Ringi nzima ubavu wake ni bapa, rula inalala na giza linabaki nyuma yake. Yako ilikuwa imebonyea, mwanga wa tochi ukapita katikati kama unavyopita chini ya mlango. Karibu na vali nikapitisha ukucha, ukakwama. Ufa, urefu wa punje ya mchele.

Hapo ndipo nikapima upepo. Shavu la tairi limeandikwa mwisho pauni 65. Uliijaza kwa mashine ya sheli, geji yangu ikasoma 80.

Ulisema ningekuambia usiku ule ule. Nakujibu. Nilitoka na gurudumu mkononi nikampigia hodi fundi mwenzangu kule Njia Panda, nikiamini atakuwa na ringi ya 26 yenye matundu 32, nikuvalishie usiku na asubuhi usijue kitu. Alikuwa nazo za matundu 36 tu, kama mimi. Habu yako ni ya 32, na hakuna namna ya kulazimisha. Niliporudi ulikuwa umelala. Ndiyo, ningekuamsha. Lakini hata ningekuamsha, ringi isingenenepa kwa sababu umeamka.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi watu wa kundi la baiskeli walikuwa wameshajaa mbele ya banda langu la ufundi, tayari kupanda Marangu. Waongoza watalii wawili wa Marangu, walimu, kijana wa maziwa na baiskeli yake ya keria, na wale mabinti wawili ambao tangu Kigali iandae mashindano ya dunia Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, hawajakosa Jumapili hata moja. Ukatoka na chupa yako ya maji ukakuta baiskeli imesimama juu ya kreti, uma mtupu. Ukasema, "Rudisha gurudumu." Nikasema ringi imekwisha. Ukarudia. Nikakuonyesha rula. Hukuitazama rula, ulitazama watu. Ukasema, "Dada, wewe baki na pancha zako."

Mbele ya wale mabinti.

Ada yako ya kidato cha tano na cha sita ilitoka kwenye pancha hizo. Sikuwahi kuitaja, na leo nimeitaja mbele ya watu kwa sababu na wewe ulilitaja lako mbele ya watu. Haya, tumelingana.

Sasa nisikilize kama fundi, dada muweke pembeni kidogo. Breki zako zinabana ubavu wa ringi. Ringi ni aluminiamu, pedi ni mpira, na katikati yake barabara inatia udongo. Udongo wetu wa mlima ni wa volkeno. Ukichanganyika na maji ya masika unakuwa msasa. Unaganda kwenye pedi, na kila ukibana breki unasaga ubavu. Nilipozitoa pedi zako nilikuta vipande vya aluminiamu vimezama ndani yake, vinang'aa. Hivyo navyo vilikuwa vinakwangua. Mtu wa tambarare anaweza kukaa na ringi moja miaka mingi. Anayepanda na kushuka mlima kwenye tope hawezi, na aliyekuuzia ule mtumba hakujua wala hakuulizwa ulishuka milima mingapi kabla hujafika kwako.

Ubavu huo huo ndio unaoshikilia tairi. Upepo wa ndani unausukuma kwenda nje saa zote, hata baiskeli ikiwa imeegeshwa. Ukiujaza pauni 80 unausukuma zaidi. Ukibana breki unauchemsha, na upepo wa ndani nao unapata moto na kuongeza msukumo. Kutoka hapa Himo hadi Marangu Mtoni hazizidi kilomita 15, lakini unapanda zaidi ya mita 400, na wale walikuwa wanakwenda mpaka lango la Hifadhi ya Kilimanjaro, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Kupanda hakuna neno. Ni kurudi. Ubavu ukifunguka hautoi onyo: tairi inachomoka, tyubu inapasuka, kipande cha ringi kinakwama kwenye mkono wa breki, na gurudumu la mbele linasimama huku wewe unaendelea. Likiwa la nyuma unaburuzika. La mbele linakurusha juu ya usukani.

Ulisema, "Nitashuka polepole." Hapo ndipo niliposhika gurudumu kwa mikono miwili. Kushuka polepole huku umebana breki njia nzima ndiyo namna ya kuichemsha ringi kuliko zote. Unaposhuka, nguvu ya mteremko lazima iende mahali. Ukiachia kwenye mnyooko, upepo unaoukata unakupunguzia sehemu kubwa. Ukibana muda wote, yote inaingia kwenye ringi mbili. Wanaoijua njia ile wanaachia, wanakaa wima kifua kikamate upepo, wanabana kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha wanaachia ringi ipoe. Hiyo ni kwa ringi nzima. Kwa ringi yenye ufa hakuna ufundi wa kushuka.

Na yule mwalimu aliyeshauri tufungue breki ya mbele utumie ya nyuma peke yake, alitaka amani tu, simlaumu. Lakini upepo ungekuwa bado unasukuma kwenye ufa, na breki ya nyuma peke yake kwenye mteremko ule inaburuza gurudumu badala ya kulisimamisha.

Kutojua sikulaumu hata kidogo. Sote tumekulia kwenye Phoenix ya Baba. Breki zake ni za vyuma, zinavuta pedi juu na kugusa ringi kwa upande wa ndani, zile spoku zinakoingilia. Ubavu hauguswi kabisa, na ringi yenyewe ni chuma. Ilikuwa haiishi. Ubaya wake ulikuwa mvua, chuma kikilowa pedi inateleza kama sabuni, ndiyo maana Baba alikuwa anateremka na kuisukuma mpaka avuke daraja, na sisi tukimcheka kutoka barazani. Alikuwa anajua breki yake inaishia wapi.

Basi. Ulipanda Hiace saa tano, hukumuaga Mama, baiskeli ukaiacha juu ya kreti. Kundi lilikwenda. Walipata pancha moja tu, mwiba wa mgunga kule chini kabla ya kuanza kupanda, na mmojawapo wa mabinti aliiziba mwenyewe: akasugua kwa msasa, akapaka solusheni, akasubiri ikauke isigande kwenye kidole, ndipo akabandika. Kisha akapitisha vidole ndani ya tairi mpaka akaupata mwiba. Wengi wanasahau hapo, wanarudisha tyubu juu ya mwiba ule ule.

Ringi yako mpya ilikuja Alhamisi. Matundu 32, na kipenyo kinapokaa vichwa vya spoku kinatofautiana na cha zamani kwa milimita moja tu, kwa hiyo spoku zako zimetosha. Niliifunga kwa utepe wa gundi ubavuni mwa ile ya zamani, tundu kwa tundu, nikahamisha spoku moja moja bila kuvunja msuko, tone la mafuta kwenye kila uzi. Nikakaza nusu mzunguko kwa zote, nikaja robo, nikazibana spoku mbili mbili kwa kiganja zikae, nikanyoosha tena. Inacheza chini ya nusu milimita. Pedi ni mpya, zimekaa milimita mbili kutoka kwenye ringi, ncha ya mbele imetangulia kidogo kugusa ili zisipige kelele. Siku ya kwanza bana breki kwa nguvu kama mara ishirini kwenye tambarare kabla hujaziamini mlimani. Ukishatembea kilomita mia irudishe niikaze spoku tena. Hapa, kwangu, si kwa fundi wa Arusha.

Ya zamani niliikata kwa msumeno pale penye ufa nikaipima. Ubavu wa ringi mpya ni milimita moja na nusu na ushee. Wako ulikuwa 0.6. Kipande kipo kwenye kopo la spoku fupi, juu ya rafu, unajua lilipo. Picha sitakutumia. Nataka ukishike.

Bei ya ringi na pedi nimeiandika kwenye daftari kwa jina lako. Sijaifuta, na sijakudai.

Jumapili hii wanatoka saa kumi na mbili kamili. Upepo nitaujaza Jumamosi jioni, pauni 50.

Dada yako